Gemu Moja, Michezo Minne: Mitindo ya Kuvaa Uhusika Mtandaoni

Tuseme umeingia kwenye seva ya GTA ambayo wachezaji wake wote wanaongea Kiswahili. Hapo hakuna misheni za kumaliza wala pointi za kukusanya. Kila mtu amechagua kazi: huyu fundi gereji, yule daktari wa zamu, mwingine mama ntilie, na hakosekani jambazi mmoja mwenye suti. Wewe ni trafiki. Unanyoosha mkono, daladala iliyojaza inasimama, unasogea dirishani: "Dereva, leseni."

Sasa angalia watu wanne tofauti wanaoweza kuwa wameshika usukani ule.

Wa kwanza anashusha kioo taratibu na sauti inakuwa ndogo. "Habari ya kazi, afande. Leseni ninayo, ila leo nimetoka mbio, mke wangu kajifungua usiku. Naomba unielewe." Ukweli ni kwamba hana mke, ana miaka 19, na yuko hosteli amejifunika shuka. Lakini kwa dakika hizo tano yeye ni dereva mwenye mtoto mchanga, na viganja vinamtoka jasho kweli.

Wa pili anafikiri haraka: nikikamatwa hapa, kesho kuna kesi, keshokutwa kuna rafiki wa kuja kunitoa, wiki nzima tuna hadithi. Anaacha makusudi begi la magendo lionekane kwenye kiti cha mbele. Anataka ulione.

Wa tatu anaangalia ramani pembeni ya skrini, anaona hakuna polisi mwingine karibu, anakanyaga mafuta. Anakugonga, anaondoka, hela zake ziko salama.

Wa nne anacheka. "Oya, niambie! Jana mbona hukuingia? Na kwenu umeme ulikatika?"

Wote wanne wako kwenye gemu moja na seva moja. Lakini kila mmoja anacheza mchezo wake, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. "Unaharibu RP." "We unajifanya sana." "Tulia basi, si gemu tu!" Makala hii inaeleza mitindo hiyo inatoka wapi, wataalamu wameielewaje, na kwa nini wanaotofautiana mitindo wanaweza kuumizana kweli. Hoja yetu ni moja: hakuna mtindo ulio sahihi kuliko mwingine. Tatizo huja pale watu wanapocheza mitindo tofauti bila kuambizana, na bila kukubaliana mpaka wa mchezo uko wapi.

Kuvaa uhusika hakukuja na intaneti

Wapenzi wa filamu zetu wana msemo mzuri: mwigizaji fulani "amevaa uhusika". Maana yake amemuingia yule mtu anayemwigiza mpaka ukamsahau mwigizaji mwenyewe. Wachezaji wa mtandaoni wanaposema RP wanazungumzia jambo hilohilo, isipokuwa hapa hakuna mwongozo ulioandikwa wala watazamaji waliolipa kiingilio. Kila mtu ni mwigizaji, mtunzi na mtazamaji kwa wakati mmoja.

Sote tulianza mapema. Mtoto wa miaka minne anayejipikilisha kwa udongo na makopo anasema, "Tufanye mimi ndo mama, wewe ndo baba, huyu mgonjwa." Litazame vizuri hilo neno "tufanye". Kwa neno moja mtoto ametangaza kwamba kuanzia sasa maneno na vitendo vina maana nyingine. Udongo ni ugali, lakini hakuna atakayeumeza.

Watu wazima nao walifanya. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, ngoma ya beni ilianzia pwani ya Kenya ikaenea Tanganyika na mbali zaidi. Vikundi vyake viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilishindana kwa gwaride, sare na bendi. Wanachama walikuwa na vyeo: mfalme, jenerali, kapteni, na kina mama pia walikuwa na vyao. Mpagazi au karani aliyeamrishwa na Mzungu wiki nzima, kwenye ngoma alikuwa jenerali. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuhusu beni, kilichotoka mwaka 1975, na kinaonyesha kwamba haukuwa uigaji mtupu. Vikundi vilichangiana, vilisaidiana kwenye shida na misiba. Cheo kilikuwa cha mchezo, wajibu ulikuwa wa kweli. Baadhi ya maofisa wa kikoloni waliutilia shaka mchezo ule, wakihofia kuna siasa ndani yake. Kwa maneno mengine, swali la "hii ni gemu tu au ni kitu kingine?" lilishaulizwa huku kwetu kabla hata kompyuta haijakuwepo.

Michezo ya kisasa ya uhusika ina ukoo wake. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao wachezaji huwa mashujaa na mmoja wao husimamia hadithi. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, na baadaye Richard Bartle, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, waliandika MUD, ulimwengu wa maandishi matupu ambamo watu wengi waliweza kuingia pamoja kupitia kompyuta. Kutoka hapo zikaja World of Warcraft mwaka 2004, iliyotenga seva maalumu kwa wanaopenda kuvaa uhusika, na baadaye seva za GTA V zinazoendeshwa na wachezaji wenyewe kupitia programu ya FiveM. Kwa miaka mingi FiveM ilikuwa kazi ya watu wa nje. Mwaka 2023 kampuni ya Rockstar, wenye GTA, ilitangaza kuwachukua watengenezaji wake. Na kwenye simu ya mdogo wako huenda ipo Roblox. Humo kuna Brookhaven, iliyotoka mwaka 2020, ambayo haina kushinda wala kushindwa. Unachagua nyumba, gari na kazi, halafu unaishi.

Mtu mmoja, matabaka matatu

Mwaka 1983 mwanasosholojia Gary Alan Fine alichapisha utafiti wake juu ya wachezaji wa michezo ya mezani. Alichukua wazo la Erving Goffman kuhusu namna watu wanavyotambua "hapa kinachoendelea ni nini", akaonyesha kwamba mchezaji anaishi kwenye matabaka matatu kwa mpigo.

La chini ni la mtu: ana jina la kuzaliwa, ana njaa, bando linakaribia kuisha. La kati ni la mchezaji: anajua kanuni, anajua kitufe cha kukimbia ni kipi, anajua jamaa wa upande wa pili ni mgeni kwenye seva. La juu ni la mhusika: dereva wa daladala ambaye hajui kitu kinachoitwa kitufe, wala hajui kwamba anaishi ndani ya kompyuta.

Mchezo mzuri unahitaji kupanda na kushuka matabaka haya bila kujikwaa. Fine aliona watu wanahama kwa haraka sana, wakati mwingine ndani ya sentensi moja. "Afande nisamehe, subiri kidogo mama ananiita, haya nimerudi, afande nisamehe." Hapo umeshuka mpaka chini na kurudi juu, na hakuna aliyechanganyikiwa.

Uwezo huu hata wanyama wanao kwa kiasi chao. Gregory Bateson, kwenye andiko lake la mwaka 1955, alieleza alivyowatazama nyani wadogo kwenye bustani ya wanyama San Francisco. Walikuwa wanang'atana, lakini meno hayakuzama, na wote wawili walionekana kujua kwamba kung'atana kule si kung'atana. Alihitimisha kwamba lazima kuna ishara inayosema "huu ni mchezo". Ukipita Hifadhi ya Taifa ya Arusha ukawakuta nyani wadogo wanavutana mikia, unaona jambo lilelile. Na unajua pia kinachotokea ishara ile ikikosewa: mmoja anapiga kelele, wakubwa wanakuja, mchezo unageuka kipigo.

Mitindo minne

Turudi kwa madereva wetu. Tangu miaka ya 1990, wachezaji wa mezani walikuwa wanabishana mtandaoni kuhusu nini hasa kinatafutwa kwenye michezo hii, na mjadala wao ukatoa makundi matatu: shindano, hadithi na uhalisia. Ukiongeza kundi la wanaokuja kwa ajili ya watu, unapata picha inayotosha kuelewa seva nyingi.

*Anayezama.* Huyu ndiye dereva wa kwanza. Anataka kufikiri na kuhisi kama mhusika. Swali lake ni "dereva kama huyu angefanya nini?", hata kama jibu litamharibia. Kosa kubwa kwake ni kutumia kitu ambacho mhusika wake hawezi kukijua. Wachezaji huita "meta". Ukisikiliza matangazo ya mojakwamoja ya jambazi ukajua kajificha wapi, kisha polisi wako akaenda moja kwa moja pale, kwa anayezama umefanya uchawi.

*Mtunga hadithi.* Dereva wa pili. Anamtazama mhusika wake kama mwandishi anavyomtazama wake. Yuko tayari ashindwe, afungwe, hata afe, ilimradi kisa kinoge. Anapanga na mwenzake pembeni: "Kesho nikusaliti?" "Sawa, ila nisaliti mbele za watu." Kwa anayezama, kupanga hivyo kunaua ladha. Kwa mtunga hadithi, ndiyo ladha yenyewe.

*Mshindani.* Dereva wa tatu. Uhusika kwake ni sare ya timu. Anataka gari bora, genge kubwa, hela nyingi, na hapendi kushindwa eti kwa sababu "ndivyo mhusika angefanya". Ni rahisi kumtukana huyu kwamba haelewi RP, lakini tuwe wakweli: bila wachezaji wanaojali kushinda, jambazi hana mpinzani wa kumtisha na uchumi wa seva unalala. Anaharibu pale tu anapomlazimisha mwenzake matokeo, mathalani kusema "nimekupiga ukaanguka" bila kumpa nafasi ya kujibu.

*Mpiga soga.* Dereva wa nne. Kaja kuonana na watu. Seva kwake ni kijiweni. Uhusika ni kofia anayoivaa nusu, akichoka anaivua. Huyu ndiye anayewafanya wageni wabaki, na ndiye anayemkera zaidi anayezama.

Richard Bartle tuliyemtaja hapo juu aliwahi kugawanya wachezaji kwa namna nyingine. Katika makala yake ya mwaka 1996 alitaja aina nne: wanaosaka mafanikio, wavumbuzi, wapenda watu, na wanaopenda kuwasumbua wengine. Mgawanyo wake ni maarufu mpaka leo, lakini una udhaifu: unamfanya mtu aonekane ni wa aina moja tu. Nick Yee alilipima jambo hili kwa dodoso lililojibiwa na wachezaji wapatao 3,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Alipata makundi makuu matatu ya sababu za kucheza, yaani mafanikio, mahusiano na kuzama, yenye vipengele kumi ndani yake. Cha muhimu ni kwamba sababu hizi hazifukuzani. Mtu anaweza kupenda sana kushinda na kupenda sana kuvaa uhusika. Kwa hiyo mitindo minne hapo juu ichukulie kama viungo vya pilau, siyo kama kabila la mtu.

Yee aligundua pia kitu kingine kinachofaa kukumbukwa. Ndani ya kundi la kuzama, kuvaa uhusika na kukimbia matatizo ni vipengele viwili tofauti. Watu wawili wanaweza kukaa ndani ya gemu saa nne bila kutoka nje ya uhusika. Mmoja anafurahia kuwa mtu mwingine. Mwenzake anaikimbia tasnifu. Kwa nje hutawatofautisha.

Nafanya, anafanya, tufanye

Kiswahili chenyewe kinakusaidia kutambua mtindo wa mtu. Kwenye seva nyingi kuna amri mbili maarufu, /me na /do. Ya kwanza ni urithi kutoka vyumba vya kuchati vya IRC, mfumo alioanzisha Jarkko Oikarinen wa Finland mwaka 1988. Ukiandika "/me anatafuta leseni kwenye deshibodi", skrini inaonyesha jina la mhusika wako likifuatiwa na kitendo hicho. Amri ya /do hueleza au kuuliza hali: "/do leseni imekwisha muda wake?"

Sikiliza viambishi. Anayesema "natafuta leseni, afande" amejiweka ndani kabisa. Yeye ndiye dereva. Anayeandika "anatafuta leseni huku mikono ikimtetemeka" amesogea hatua moja nyuma, anamsimulia dereva. Anayesema "tufanye leseni ilikwisha jana, itanoga zaidi" ametoka nje kabisa. Anapanga mchezo na mwenzake kama watoto wa kujipikilisha. Na-, a-, tu-. Kiambishi kimoja kinakuambia mtu amesimama tabaka gani.

Hakuna kosa kwenye kutumia vyote vitatu. Kosa ni kujibu kiambishi kwa kiambishi kisicholingana. Mtu anakuambia "nakuchukia, umeniua ndugu yangu", akiwa kwenye na- ya mhusika, nawe unajibu, "kwani mimi nimekufanya nini jamani?", ukiwa kwenye na- yako halisi. Hapo kila mmoja anaongea na mtu ambaye hayupo.

Mchezo unapovuja

Wahenga wetu walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wachezaji wana neno lao kwa jambo hili, nasi tutaliita kuvuja: hisia za mhusika kumuingia mtu, au hisia za mtu kumuingia mhusika. Umegombana na mwenzako chumbani, jioni polisi wako anamfunga mhusika wake kwa kosa dogo. Au kinyume chake: wahusika wenu wamependana wiki tatu, sasa umeanza kumsubiri aingie mtandaoni, na hujui unamsubiri nani.

Kuvuja kuna ushahidi wa kimaabara. Mwaka 2007 Nick Yee na Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha majaribio ambamo watu walipewa miili ya kidijitali bila kuichagua. Waliopewa mwili wenye sura ya kuvutia walimsogelea mwenzao kwa karibu zaidi na kujieleza zaidi. Waliopewa mwili mrefu walikuwa wakali zaidi kwenye kugawana fedha kuliko waliopewa mfupi. Watafiti hao waliita hali hiyo athari ya Proteus, kwa jina la mungu wa Kiyunani anayebadilisha maumbo. Yaani hata kabla hujajitahidi kuigiza, avata yenyewe imeshaanza kukusukuma.

Sasa chukua mfano mzito. LambdaMOO ulikuwa ulimwengu wa maandishi ulioanzishwa mwaka 1990 na Pavel Curtis. Humo mchezaji mmoja alitumia programu iliyomwezesha kuandika vitendo kana kwamba vinafanywa na wahusika wa wengine, akaitumia kuwadhalilisha kijinsia mbele ya watu. Mwandishi Julian Dibbell alilieleza tukio hilo mwaka 1993 katika gazeti la The Village Voice. Hakuna mwili ulioguswa, kulikuwa na maandishi tu. Lakini mmoja wa walioshambuliwa alieleza kwamba aliandika malalamiko yake huku akilia. Wakazi walikutana, wakabishana, na mhusika yule akafutwa na mmoja wa wasimamizi. Baada ya hapo Curtis akaweka utaratibu wa hoja na kura ili wakazi wajitungie sheria.

Tumia matabaka ya Fine uone kilichotokea. Mshambuliaji alidai yuko tabaka la mhusika. Waliodhurika walipigwa kwenye tabaka la mtu. Na chombo alichotumia kiliwanyang'anya kile kinachofanya mchezo uwe mchezo: uwezo wa mwenzako kukubali, kukataa au kuondoka. Ndiyo maana "si gemu tu!" siyo utetezi. Gemu ni makubaliano, na pasipo makubaliano kinachobaki ni ubabe.

Watani walishalitatua hili

Watanzania tunayo taasisi ya zamani inayofanya kazi hii vizuri: utani. Mchaga na Mpare wanaweza kutupiana maneno ambayo yakitoka kwa mtu mwingine yangefika polisi. Mashabiki wa Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi kwa sababu hiyohiyo. Kuna makabila ambako hata msibani mtani ana ruhusa ya kuigiza mwendo na sauti ya marehemu, au kuzuia kazi ya kaburi mpaka apewe chochote. Anachekesha pale ambapo watu wengine wote wanalia.

Kwa nini haileti ugomvi? Angalia muundo wake. Kwanza, inajulikana nani ni mtani wa nani. Huwezi kumrukia yeyote. Pili, ruhusa ni ya pande zote mbili. Nikikutania leo, kesho zamu yako. Tatu, utani una wajibu: mtani huyohuyo anayekucheka ndiye anayechota maji na kupika msibani kwako. Nne, jamii nzima inashuhudia, kwa hiyo anayevuka mpaka anaonekana. Beni ilikuwa na mambo hayohayo: vyeo vinavyojulikana, wapinzani wanaojulikana, na michango inayowalinda wanachama.

Linganisha na seva iliyotulia. Ina ukurasa wa kanuni unaosema mtindo gani unatakiwa. Ina ishara ya kutoka nje ya uhusika, mara nyingi mabano mawili kwenye maandishi, kama "((samahani, mtandao unasumbua))". Ina mambo yasiyoigizwa kabisa bila ridhaa ya pande zote, kwa kawaida yale ya kingono na mateso. Ina wasimamizi wanaosikiliza malalamiko. Huo ni utani uliowekwa kwenye maandishi.

Mpaka huo una uzito hata nje ya gemu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania, ya mwaka 2015, inagusa kujifanya mtu mwingine na unyanyasaji wa mtandaoni. Kuwa trafiki ndani ya seva ambapo kila mtu anajua ni mchezo ni jambo moja. Kutumia jina na picha ya askari halisi kwenye kundi la WhatsApp ni jambo lingine kabisa, hata ukiandika emoji za kicheko. Tofauti haiko kwenye maneno uliyoyatumia. Iko kwenye kama wanaokusikia wanajua na wamekubali kwamba huu ni mchezo.

Hapo pia ndipo mzazi au kaka mkubwa anapotakiwa kuwa macho. Mtoto anayecheza Brookhaven anaweza kuwa "mtoto" wa familia ambayo "baba" yake ni mtu mzima asiyemjua. Kumnyang'anya simu hakumfundishi kitu. Muulize: leo ulikuwa nani? Wengine walikuwa nani? Kuna aliyekuuliza mambo ya nyumbani kwa kweli, au kukutaka mhamie kuchati kwingine? Swali la mwisho ndilo kubwa, kwa sababu anayemtaka mtoto atoke nje ya gemu ameshaacha kucheza.

Inatuhusu nini sisi wa Tengeru?

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya vijana wenye bando. Lakini kuvaa uhusika ni chombo cha utafiti pia, na Tanzania ina mfano mzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia na wenzake walitumia mchezo wa bonde la mto huko Usangu, kwenye vyanzo vya Ruaha Mkuu, mto ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 umekuwa ukikauka sehemu wakati wa kiangazi. Vifaa ni vya kawaida: ubao mrefu wenye mteremko uliochorwa mto, gololi za kioo badala ya maji, na vijiti badala ya mabanio. Wakulima wanakaa kando ya ubao, wengine juu, wengine chini, gololi zinamiminwa.

Mchezo huanza kila mtu akijichotea anavyoweza. Wa juu wanashiba, wa chini wanabaki wanatazama ubao mtupu. Halafu mazungumzo yanaanza: tukipunguza kijiti hiki je? Tukipeana zamu? Umeona kilichotokea? Wameanza kama washindani, wakaingia kwenye uhalisia, kisha wakawa watunzi wa hadithi mpya ya bonde lao. Na mkulima wa juu akikalishwa chini anaona kwa macho yake jambo ambalo hotuba kumi za mtaalamu zisingemwonyesha.

Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tunajua maana yake. Mifereji inayoteremka kwenye migomba na mashamba ya mboga ina watu wa juu na watu wa chini, na kiangazi kikikaza maneno yanakuwa makali. Mtafiti anayetaka kutumia mchezo kwenye mkutano wa kijiji hana budi kujua mitindo. Asipoeleza mapema kama wanashindana au wanajifunza, atapata mzee mmoja aliyekuja kushinda, kijana aliyekuja kuchekesha, na mama aliyezama mpaka akatoka na kinyongo cha kweli dhidi ya jirani yake.

Kabla hujaingia

Iwe ni seva ya GTA, Roblox ya mdogo wako au ubao wa gololi, maswali ni matatu. Hapa tunacheza kwa ajili ya nini: kushinda, kusimulia, kuzama au kukutana? Nikitaka kutoka nje ya uhusika, nitatoa ishara gani, na je, mwenzangu anaijua? Na tukimaliza, tunaagana vipi?

Hilo la tatu wengi wanaliruka. Wenye uzoefu wana desturi ya kubaki dakika chache baada ya tukio zito, sauti zikiwa za kawaida, majina yakiwa ya kawaida. "Vipi, uko sawa? Pale uliponifokea ulitisha, kaka." "Niko poa, ilikuwa kali. Kesho basi." Haichukui hata MB tano. Trafiki na dereva wameshalala, na watu wawili wamebaki marafiki.